Wilhelmina, Chai Imepoa

Kama umewahi kuishi Texas na una hata rafiki mmoja anayezungumza Kiswahili, ile klipu umetumiwa. Ile ya mwanamume aliyevaa wigi la nyuzi za mopu, amepiga magoti kando ya kitanda, anaimba "Wilhelmina, chai imepoa" huku soseji zinaning'inia nyuma yake. Umecheka. Pengine na wewe umemtumia mwenzako. Sikulaumu, hukujua. Lakini mimi nilijua, na kila simu ya mtu ilipoita kwa mlio huo, dukani au kwenye sebule za watu, nilitamani kuipokonya niitumbukize chooni.

Wimbo ule haukuwa wa Wilhelmina yeyote. Ulikuwa wa wifi yangu Flaviana, mke wa kaka yangu Kamugisha.

Flaviana alifariki Machi 2017, sisi tukiishi DeSoto, pembeni mwa Dallas. Alikuwa na kansa ya damu. Asubuhi aliyozidiwa, kaka alikuwa amemchemshia chai ya tangawizi, akaiacha mezani ipoe kidogo, maana dawa zilikuwa zimemjaza vidonda mdomoni. Ambulensi ikaja, wakaondoka. Kaka alirudi peke yake, akakikuta kikombe pale pale, chai imefanya utando. Aliimwaga, lakini kikombe hakukiosha. Alikaa nacho mezani, na alipokuja kuinuka alikuwa na wimbo kichwani. Kikombe akakiweka kwenye kabati la jikoni na alama yake ya chai ndani, na ole wako ukikigusa.

Hawakujaaliwa mtoto. Jina la Flaviana lingebaki wapi? Kaka alitaka libaki kwenye wimbo. Alitaka jambo moja tu, nalo naomba ulishike tangu sasa: watu wasimame, waimbe jina la mke wake mbele ya watu, hata mara moja.

Unaweza kusema hilo ni jambo dogo kwa mtu ambaye ni mwalimu wa kwaya. Hujaijua kwaya yetu. Kwaya ya Watanzania wa Dallas ilikuwa na sheria kwamba wimbo mpya hauimbwi mpaka upite kwenye kamati, na kamati ilikuwa Mama Clothilde. Kaka alikuwa akitunga tangu seminari ndogo kule Kagera, na hakuna hata wimbo wake mmoja uliowahi kupita. Kwenye misiba ndiyo kabisa, tuliimba wimbo mmoja tu, wa Mjerumani aitwaye Rautenbach, mmoja wa wale watunzi wa karne ya kumi na tisa wenye nywele ndefu na huzuni nyingi. Mapadri waliuleta kwetu, katekista fulani akautia Kiswahili, na tangu hapo mtu wa kwetu akiagwa bila Rautenbach watu wanaulizana kama alikufa na dhambi.

Mwili wa Flaviana ulisafirishwa nyumbani, kaka akabaki. Makaratasi yake yalikuwa bado uhamiaji, angetoka asingeruhusiwa kurudi. Kwa hiyo ile misa ya kumuaga hapa DeSoto ndiyo mazishi pekee aliyopata. Alimwendea Mama Clothilde mlangoni mwa kanisa, macho yamevimba.

"Pole sana, Mwalimu," Mama Clothilde alisema. "Lakini wimbo haujapita kwenye kamati. Halafu chai? Kwenye misa? Watu wata-feel vipi?"

"Ni mke wangu, Mama Mwenyekiti."

"Ndiyo maana nakwambia. Leo wewe ni mfiwa, na mfiwa hapangi ratiba. Kaa, tukubebe."

Na kweli hivyo ndivyo tulivyo. Mfiwa huketishwa, hulishwa, hunyweshwa, huamuliwa kila kitu. Ni desturi nzuri, imewaokoa wengi, na siku ile niliichukia kwa moyo wangu wote. Tuliimba Rautenbach. Kaka alisimama katikati ya wanaume wa sauti ya tatu, midomo imefungwa.

Hasira yake haikumwendea Mama Clothilde. Ilimwendea yule Mjerumani. Akaanza kumsoma, akitoka kazini Plano, kwenye ofisi ya bima, anakuja na vitabu vya maktaba. Siku moja alinipigia simu, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nikamsikia akicheka.

"Pru! Unajua ule wimbo wa mazishi aliutunga kwa ajili ya nani? Mbwa! Mbwa wa kuwindia wa tajiri fulani! Tajiri alifiwa na mbwa, akaagiza wimbo!"

"Wacha wewe."

"Naapa. Sisi tunazika wazazi wetu na wimbo wa mbwa!"

Hapo ndipo filamu yenye ile klipu ilipozaliwa. Kaka alisema atamvua nguo Rautenbach hadharani, kwa muziki. Na kumvua alimvua. Mwaka wote wa 2018 gereji yake iligeuka Ujerumani. Rautenbach alisinzia kwenye misa yake mwenyewe akaanguka na kinanda. Rautenbach alitoroka dirishani kwa mjane bila suruali, kwaya nzima ikimfukuza kwa sebene. Maaskofu walikata viuno. Tulikodi farasi kwa mtu mmoja upande wa Fort Worth, naye aligoma kusogea hata hatua moja, ikabidi tumwimbie farasi aliyesimama. Mama Clothilde alitangaza kwamba mwanakwaya atakayeonekana kwenye upuuzi ule atasimamishwa. Mwisho akaja mwenyewe, akapewa nafasi ya mama mwenye nyumba mkali, na akaimudu sana kwa kuwa hakuigiza.

Nilifurahi, sitadanganya. Niliona kaka anakula. Kimya kingi kina mshindo mkubwa, wanasema, nami nilidhani mshindo wenyewe ndio huu, wa kucheka, na kwamba umeishia hapo. Kisha akanieleza alichokuwa amekificha ndani ya filamu.

"Mwishoni Rautenbach anakufa," alisema. "Mpenzi wake, binti wa muuza nyama, ameshatangulia. Anapiga magoti kando ya kitanda chake, anaimba. Hapo nauweka wimbo wa Flaviana."

"Na jina?"

"Ndani ya filamu ni Wilhelmina. Flaviana, silabi nne, Wilhelmina, silabi nne, linakaa. Lakini siku ya kuionyesha, filamu ikiisha na watu wamenyamaza, nasimama, natoa sauti ya kuanzia, kwaya inauimba upya pale pale ukumbini na jina lenyewe. Kamati itanizuia vipi mbele ya watu wote wale?"

Nikamuuliza nani ataimba kama Rautenbach. Akasema Deo.

"Kaka, Deo hapana."

Deo aliishi Pearland, kule chini ya Houston, na Texas nzima hakukuwa na Mwafrika Mashariki asiyemjua. Ndiye alikuwa MC wetu. Harusi, send-off, kipaimara, hata kwenye matanga jioni ya mwisho alikabidhiwa kipaza ili watu wapumue kidogo. Mtu mwema, sina neno. Lakini watu walikuwa wamemzoea hivi: akifungua mdomo, wao wanafungua meno.

"Watu wakimwona Deo wanacheka hata akiomba maji ya kunywa," nilisema.

"Nani mwingine anaifikia ile noti ya juu? Mtaje."

Sikuweza kumtaja. Sauti ya tatu kama ya Deo haikuwepo.

"Wataanza kucheka," kaka alisema, "halafu wimbo utawanyamazisha."

Wilhelmina akawa Jedidah, mke wa Deo, Mkenya, nesi kwenye mojawapo ya zile hospitali kubwa za Houston. Siku ya kurekodi tukio la mwisho alilala kitandani amejipaka unga usoni, Deo akapiga magoti. Na Deo aliimba, jamani. Aliimba mpaka nikasahau lile wigi. "Nimerudi, taa inawaka, kiti chako kiko vile vile. Flaviana, chai imepoa. Flaviana, njoo unywe." Aliimba Wilhelmina, bila shaka, lakini mimi nilisikia Flaviana. Jedidah, ambaye alitakiwa kuwa maiti, machozi yalimtiririka yakachora mistari kwenye unga. Wanakwaya waliokuwepo walifuta machozi. Kaka alinitazama kama kusema, umeona? Hakuna aliyekumbuka kuzishusha soseji za tukio lililotangulia.

Novemba 2019 tuliendesha hadi Houston kuionyesha filamu. Ukumbi ulikuwa umejaa, pilau ipo, watoto wanakimbizana kati ya viti wakigombana kwa Kiingereza. Kaka alikaa kiti cha pembeni, karibu na jukwaa. Mkononi alikuwa na filimbi ndogo, ile ambayo walimu wa kwaya huipuliza kutoa sauti ya kuanzia, ameishika tangu filamu ilipoanza. Mimi nilikaa kando yake. Wanakwaya walikuwa safu ya mbele, wanajua kwamba mwishoni watainuka.

Watu walicheka vizuri. Kwenye mbwa walilia kwa kucheka, mzee mmoja akatolewa nje akanywe maji. Kisha mwanga wa filamu ukafifia, kitanda kikaonekana, Deo akapiga magoti. Ukumbi ukatulia. Nakuapia, ulitulia. Kaka aliipeleka filimbi karibu na midomo, akasubiri.

"Wilhelmina, chai imepoa."

Halafu sauti kutoka nyuma: "MC, tuletee na chapati!"

Ukumbi ukapasuka. Walicheka kuliko kwenye mbwa. Kila Deo alipopanda juu zaidi kwa ile sauti yake nzuri, ndivyo walivyozidi. Mtu mmoja alikuwa akizionyesha soseji kwa kidole, hawezi hata kusema. Niliwatazama wanakwaya wetu, wale waliokuwepo gereji, waliolia pale. Walikuwa wanacheka nao, maana kicheko kinaambukiza, na kucheka na wengi ni rahisi kuliko kunyamaza peke yako. Jina liliimbwa mara ya pili na halikusikika kabisa.

Kaka aliirudisha filimbi mfukoni.

Taa zilipowaka watu walisimama wakapiga makofi, na Deo, maskini, ambaye hakuna aliyewahi kumwambia lolote, akanyakua kipaza. "Haya, wote! Wilhelminaaa!" Ukumbi mzima ukamjibu: "Chai imepoa!" Wakarudia na kurudia, mpaka watoto nao wakashika. Watu walimjia kaka wakampa mikono. "Mwalimu, umetuvunja mbavu." Yeye akawa anajibu, "Ahsanteni. Ahsanteni sana."

Njiani kurudi DeSoto, tulipokuwa tumeshapita Huntsville, ndipo aliposema neno. "Walicheka chai, Pru."

Nililia kutoka pale hadi Corsicana. Yeye aliendesha.

Nilimwambia ampigie Deo, amweleze, ile klipu isiendelee kusambaa. Akakataa. "Ataomba msamaha," alisema, "halafu atafanya kichekesho cha kuomba msamaha. Ndiyo kazi yake. Mimi ndiye niliyempa." Ukicheka na nyani utavuna mabua, lakini kaka hakuwa amecheka na nyani yeyote. Alikuwa amewaamini watu wake. Aliacha kwaya, akaacha kutunga. Jioni alikaa na televisheni imezimwa, na mlio wa Wilhelmina ulipita kwenye simu za majirani, kazini kwake Plano, kanisani, kila mahali. Wakati mwingine nilimsikia yeye mwenyewe akiuvuma jikoni bila kujua, nami nikakohoa kwa makusudi ili aache.

Halafu ukaja mwaka 2020, na corona ikamchukua Deo.

Ilikuwa Julai. Jedidah alikuwa nesi kwenye hospitali ile ile aliyolazwa mumewe, ghorofa nyingine, na hakuruhusiwa kupanda. Alimwona kwa kioo cha tableti iliyoshikwa na mwenzake. Sisi tulipata habari kwenye kundi la WhatsApp, na niliposoma nilijishika kichwa, maana nilikuwa na kinyongo na mtu yule miezi yote, na sasa sikuwa na pa kukipeleka.

Wahenga walisema kifo cha wengi harusi. Wahenga hawakuzika mtu kwa Zoom. Hakukuwa na mkeka wa kukalia, hakuna sufuria, hakuna bega la mtu. Kulikuwa na vijisanduku vya nyuso, wengine wametazama dari, na padri anayekatikakatika. Kaka na mimi tulikaa mezani kwake, meza ile ile, mbele ya kompyuta moja. Tulisali. Mama Clothilde alianzisha Rautenbach, kila mtu akaimba kwa wakati wake, ikawa vurugu kama sokoni, akaacha katikati.

Ndipo Jedidah akawasha sauti yake.

"Mwalimu Kamugisha, uko?"

Kaka aliinama mbele. "Nipo, shemeji."

"Nilikuwa naomba uimbe ile song ya Deo. Please. Tangu tufanye hiyo movie hakuwai niita Jedidah tena, hata kwa nyumba. Ni Wilhelmina tu. Hata ile video call ya mwisho, na hiyo oxygen imemfunika, aliniambia, Wilhelmina, chai imepoa. Nikamwambia nakuja. Na hawakuniachilia niende." Akajifuta macho kwa kiganja. Kisha akasema, "Wengine walikuwa wanaicheka. Mimi sikuwai icheka."

Kaka alizima sauti yetu, akanigeukia. Sijawahi kumwona vile. Alionyesha kioo kwa kidole.

"Wamenyamaza," alisema. "Angalia, Pru. Wote wamenyamaza."

"Nimeona."

"Nitauimba kama nilivyoutunga. Nitamwambia Jedidah baadaye, atanielewa. Nitaliimba jina lake."

Nikasema, "Liimbe, kaka." Niliogopa, lakini nilisema. Miaka yote ile, na sasa Dallas, Houston na Kagera walikuwa wamekaa kimya wakimsubiri.

Alitoa ile filimbi mfukoni, akapuliza taratibu, akawasha sauti. Alifumba macho. Sauti yake si ya Deo, ni nyembamba na imechoka, lakini ilikuwa safi. "Nimerudi, taa inawaka, kiti chako kiko vile vile." Nyuso zote zilikuwa zimetulia kwenye vile visanduku. Hakuna aliyecheka. Mama Clothilde alikuwa ameshika kitambaa mdomoni. Kaka akavuta pumzi.

"Wilhelmina, chai imepoa."

Alifumbua macho. Nilimwona akilisikia jina alilolitoa. Lilikuwa limetoka lenyewe, kwa mazoea, baada ya kulisikia kila siku, kila mahali, kutoka kwa kila mtu. Jina la mkewe lilikuwa halimo tena ndani ya wimbo, hata mdomoni mwake yeye. Alikuwa na mstari mmoja zaidi. Midomo yake ilijiandaa, meno yamegusa mdomo wa chini, nikajua anatafuta Flaviana. Kwenye kioo Jedidah alikuwa amelaza paji la uso mezani, mabega yanacheza.

"Wilhelmina," kaka aliimba, "njoo unywe."

Hiyo ya pili mpaka leo sijui kama aliteleza au aliamua, na sijathubutu kumuuliza.

Watu walilia. Walilia kweli, wale wale wa chapati. Maandishi ya pembeni yakaanza kuteremka: wimbo wa Deo, wimbo wa MC wetu, pumzika Deo. Jedidah aliinua uso akasema, "Asante, Mwalimu. Mungu akubariki." Na Mama Clothilde akafuta macho, akasema kwa sauti ya kutangaza: "Mwalimu, huu tuwe tunauimba kwenye misiba yetu kuanzia sasa. Vile vile ulivyouimba. Kamati imepitisha."

Kaka alishukuru. Alifunga kompyuta.

"Pru," alisema bila kunitazama. "Nimesema nani?"

Sijui kudanganya. Tangu utoto nikidanganya masikio yananiwaka, naye anajua.

"Umesema Flaviana."

"Mara zote mbili?"

"Mara zote mbili, kaka."

Aliitikia kwa kichwa. Alisimama, akaenda jikoni, nikamsikia akifungua mlango wa kabati. Kisha bomba likafunguliwa, na maji yakaendelea kumwagika kwa muda mrefu. Alikuwa anakiosha kile kikombe.